Maswali na Majibu: Waya wa Spika

SWALI: Amplifaya yangu iko pembe moja ya sebule, na spika ya mbali, ukifuata ukuta, iko mita 9. Spika ni za omu 4. Natumia waya mwembamba uliokuja na redio ya zamani. Nibadilishe? Kama ndiyo, ninunue upi?

JIBU: Badilisha. Waya wa aina hiyo mara nyingi ni wa 0.75 (yaani milimita za mraba za unene wa shaba) au chini ya hapo. Hesabu yake ni nyepesi. Umeme wa muziki huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa wa pili, kwa hiyo mita 9 za waya ni mita 18 za shaba. Shaba ya 0.75 ina ukinzani (kiasi inavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) wa karibu omu 0.023 kwa mita. Zidisha kwa 18 upate omu 0.41. Hiyo ni asilimia 10 ya omu 4 za spika yako. Sisi hupenda isizidi asilimia 5, yaani omu 0.2 kwa spika ya omu 4 na omu 0.4 kwa spika ya omu 8.

Waya wa 1.5 utakupa omu 0.21, uko mpakani. Wa 2.5 utakupa omu 0.12. Chukua huo. Wa 4 hautadhuru, ila utahangaika kuuingiza kwenye tundu za nyuma ya amplifaya.

Usidhani hasara ni sauti kupungua tu. Kwa waya wako wa sasa haipungui hata desibeli moja. Tatizo ni kwamba ile "omu 4" ni makadirio. Spika hiyohiyo huweza kushuka hadi omu 3 kwenye noti fulani na kupanda kupita omu 20 kwenye nyingine. Waya mwembamba hukata zaidi pale omu ziliposhuka, hukata kidogo pale zilipopanda, na mizani ya sauti inapinda.

Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukitoa wekundu na chini yake kukawa na weupe, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba. Si haramu, lakini ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba tupu: wa 2.5 hufanya kazi ya shaba ya 1.5. Kinyume chake, weupe nje na wekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati. Hiyo nunua bila wasiwasi.

SWALI: Nimeunga waya mpya mwenyewe. Nikiongeza sauti, amplifaya inazima ghafla. Nikiiwasha tena inakubali. Waya ni mbovu?

JIBU: Waya huenda ni mzima, tazama ncha zake. Zima, chomoa plagi ya umeme, kisha mulika tochi nyuma ya amplifaya. Mara nyingi utakuta uzi mmoja mwembamba kama unywele umetoroka kwenye chanya ukagusa hasi. Hiyo ni shoti, na amplifaya yako imejikinga. Si kila amplifaya ina ulinzi huo; nyingine huunguza transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, papo hapo.

Rudia upya. Menya milimita 10 hadi 12 tu za ganda, kwa koleo la kumenyea, maana kisu hukata nyuzi za pembeni bila wewe kuona. Sokota nyuzi kufuata upande zilikolalia. Ingiza hadi ganda lifike mdomoni mwa tundu, kaza, kisha vuta kidogo: ukitoka, hukukaza. Ukitumia plagi za banana za milimita 4, hakikisha skrubu yake inabana shaba, haibani ganda.

Wengi hulehemu ncha ili nyuzi zisitawanyike. Tunashauri usifanye hivyo kama ncha itabanwa na skrubu. Risasi ya kulehemu ni laini. Ikibanwa hutambaa polepole, na baada ya miezi skrubu uliyoikaza inacheza. Na ukikuta shaba imeota kijani, usiisugue. Kata sentimita chache hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, umenye upya.

SWALI: Tangu nihamishe spika, besi imepotea na mwimbaji hajulikani alipo.

JIBU: Spika moja umeigeuza chanya na hasi. Koni (ule uso wa spika unaotikisika) moja inasukuma nje wakati mwenzake anavuta ndani, na besi zinauana hewani. Kama waya hauna alama, utoe kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa nusu sekunde huku mwenzio akitazama koni kubwa. Fanya hivyo kwa spika zote mbili. Lazima ziruke upande mmoja.

SWALI: Waya wa kushoto ni mita 3, wa kulia mita 6. Lazima vilingane?

JIBU: Hapana. Kwa waya wa 2.5 tofauti ni omu 0.04. Utapata tofauti kubwa zaidi ukisogeza kiti.

SWALI: Nataka kusuka nyuzi nyembamba nyingi pamoja, mithili ya nyaya za bei ghali. Kuna faida?

JIBU: Kusokota nyuzi mbili, chanya na hasi, hakuna ubaya. Kusuka kumi na sita ni jambo jingine: kadiri chanya na hasi zinavyokaribiana kwa wingi, ndivyo waya unavyogeuka kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme), na baadhi ya amplifaya huanza kutetema kwa masafa ambayo sikio halisikii. Dalili ni amplifaya kuwa ya moto hata muziki ukiwa kimya. Ukiiona, zima na urudie waya wa kawaida. Kama umeshaupenda msuko wako, weka rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 10 iliyofuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1, kutoka chanya hadi hasi, upande wa spika, kisha gusa tena kifuniko cha amplifaya baada ya nusu saa.