Zulia moja, rangi mbili kwenye kiungo

Ukiona rangi mbili pale vipande viwili vya zulia vinapoungana, usimlaumu muuzaji bado kwamba kakupa vipande vya rangi tofauti. Anza na mlalo wa nyuzi, yaani upande ambao nyuzi zimeinamia. Kila uzi una ncha na ubavu: ukiutazama nchani, mwanga unazama katikati ya nyuzi na rangi inakolea, ukiutazama ubavuni, mwanga unarudi machoni na rangi inapauka.

Zunguka usimame upande wa pili wa chumba. Kipande kilichokolea kikigeuka kuwa kilichopauka, ni mlalo tu. Kikibaki kimekolea popote usimamapo, hapo shuku uchafu, jua, au kweli rangi za kiwandani zimepishana.

Kujua nyuzi zinalalia wapi, weka karatasi juu ya zulia, uviringishe penseli juu yake mbele na nyuma kwa kiganja. Karatasi itasogea kufuata mlalo. Fanya hivyo pande zote mbili za kiungo. Karatasi zikienda kinyume, kipande kimoja kimetandikwa kichwa chini, na hakuna kupiga brashi kutakakokiponya: king'olewe, kigeuzwe digrii 180, na mara nyingi kingo zitahitaji kukatwa upya. (Kipande kilichogeuzwa robo mzunguko nacho tofauti yake huonekana, ingawa mafundi wanaobana matumizi ya zulia hupenda kujaribu.)

Alama za nyayo na mashine ya kufyonza vumbi ni jambo jingine. Pitisha mashine kuelekea upande mmoja, zinaondoka. Zulia la nyuzi zilizokatwa huonyesha haya yote zaidi kuliko la vitanzi, ambalo nyuzi zake zimekunjwa bila kukatwa.