Kidato cha sita, mkisubiri matokeo ndo muanze kutafuta skolashipu mmechelewa

Juma lililopita niliitwa shuleni tulikosoma, shule ya serikali huku Temeke, niongee na wadogo zangu wa kidato cha tano na sita kuhusu kusoma nje. Aliyenikaribisha mbele ni mwalimu yuleyule ambaye enzi zile nilipompelekea nakala za ripoti zangu agonge muhuri aliniuliza, darasa zima linasikia, mtoto wa muuza vitumbua na ndege wapi na wapi. Safari hii kashika maiki anasema "huyu ni zao letu". Nikampa shikamoo yake. Kusahau sijasahau.

Sasa dogo mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) akanyoosha mkono: "Kaka, mimi nasubiri matokeo yatoke ndo nianze kuapplai, si ndo utaratibu?" Nikaona wenzake nao wanaitikia. Jamani, sio utaratibu! Pepa mnafanya Mei, matokeo yanatoka Julai, wakati dirisha la skolashipu ya serikali ya Uturuki, ile niliyosoma nayo mimi, kwa kawaida linafunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Ya Hungary nayo inafungwa Januari. Yaani Julai unashangilia divisheni wani yako mtaani, milango ilishafungwa kitambo, na wale jamaa wanapokea maombi ya mtu ambaye bado yuko mwaka wa mwisho, hawana shida kabisa. Ukikosa hapo ni mpaka Januari nyingine, na Uturuki kwa digrii ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 21, so kila mwaka unaokaa nyumbani unakula umri wako.

Mimi nilijaza fomu kwenye intaneti kafe ya Mbagala Rangi Tatu wakati wenzangu wako prepo wananicheka eti Mturuki. Kilichonitesa sio fomu, ni jina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina majina matatu, cha NECTA, Baraza la Mitihani, kina mawili, ikabidi nizunguke kwa wakili kula kiapo kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja. Cheki majina yako LEO, sio siku ya mwisho. Halafu pasipoti, laki moja na nusu pale Uhamiaji, mama akaitoa kwenye mkopo wa vikoba na akailipa kwa vitumbua mpaka nilipokuwa nimeshaondoka. Skolashipu ilinilipia ada, hosteli, bima, posho na tiketi, ila hela ya kuanzia hakuna anayekupa, na hapo ndo watoto wengi wa kwetu wanakwama.

Kuna wakala mmoja mjini alitaka nimlipe hela ya "kufungua faili". Nilimwachia faili lake. Kuapplai skolashipu ile ni bure, unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao. Kama unaenda kwa kujilipia na lazima upite kwa wakala, uliza kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama amesajiliwa, usiangalie suti.

Alama nazo msijidanganye. Kiwango cha chini cha digrii ya kwanza kwa skolashipu ya Uturuki ni asilimia 70, na kusomea udaktari wa binadamu wanataka 90. Kwa NECTA B ya kidato cha sita inaanzia 70 na A inaanzia 80, kwa hiyo ukiwa na C tatu usiseme umerogwa.

Mwaka wa kwanza wote ni lugha ya Kituruki, nauruka maana ni kukariri tu. Ila muelewe posho sio utajiri. Oktoba 2022 mfumuko wa bei kule ulipita asilimia 85, leo umenunua mayai kwa bei hii wiki ijayo bei nyingine, na nyumbani wanakutumia meseji "mwanangu huko Ulaya tukumbuke". Nilijifunza kupika maharage ya wiki nzima na kunyamaza. Vijana wa siku hizi mnataka picha za theluji, maharage hamyataki! Kama huwezi kukaa na njaa kidogo bila kupost, baki Mlimani, ni chuo kizuri tu.

Na ukirudi, digrii yako ipeleke TCU itambuliwe mapema, usisubiri mpaka uitwe usaili wa kazi.

Wa kidato cha sita, kabla ya Krismasi muwe na cheti cha RITA, matokeo ya fomu foo, ripoti za shule zenye muhuri na picha, vyote vimeskaniwa kwenye imeili yako mwenyewe, sio ya mjomba ambaye kasahau paswodi. Insha ya kwa nini unataka kusoma hicho kitu andika mwenyewe, wakikuita usaili watakuuliza humohumo. Wa tano, nyie anzeni na majina.