Jibu: Siku nne Antigua Guatemala, nipande volkano lini?

Dada, nimekuelewa: unatoka Nairobi, utakuwa peke yako mjini Antigua, Guatemala, kwa siku nne, na unataka kupanda volkano ya Acatenango siku ya kwanza kabla hujachoka.

Nakusihi, usianze na mlima. Kilele kina mita 3,976, na wengi hulala kambini juu, ambako baridi ni kali hasa. Januari 2017 wapandaji kadhaa walifia huko kwa baridi. Pumzika kwanza mjini, kisha panda siku ya pili au ya tatu. Beba koti zito, glavu, kofia ya sufu na nguo kavu za kulalia. Usiku, ikiwa hai, utaona volkano jirani ya Fuego ikitema mawe mekundu, na mngurumo utausikia hadi kifuani. Mwongozaji akikushawishi muisogelee zaidi, kataa. Mlipuko wake wa 2018 uliua watu wengi. Kichwa kikiuma sana na ukaanza kutapika, shuka. Kama una pumu au tatizo la moyo, muone daktari kabla ya safari.

Mjini vaa viatu vya soli ngumu, barabara ni za mawe matupu. Tembelea magofu ya makanisa yaliyobomolewa na tetemeko la 1773, na ule pepián, mchuzi mzito wa mbegu za maboga. Maji ya bomba usinywe. Kwenye kilima cha Cerro de la Cruz, cha kutazamia mji, nenda mchana, pamoja na wenzako wa hosteli.

Halafu usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano; ukitokea Kenya watakidai.