Niliona aibu kutaja methadoni

"Kaka, kuna dawa nyingine unayotumia?" Dada wa duka la dawa aliuliza vizuri tu. Lakini nyuma yangu alisimama mama mmoja wa mtaani kwetu. Nikajibu, "Hakuna."

Huo ulikuwa mwaka wa tatu nakunywa methadoni, dawa ya kunisaidia kuacha unga (heroini), kila asubuhi dirishani kliniki, miligramu 110, nesi akinitazama mpaka nimeze. Nilikuwa naharisha siku ya pili, nikapewa sipro, antibayotiki. Kesho yake natoka kliniki, moyo ukaanza kukatakata kama jenereta inayoishiwa mafuta, kisha giza. Nilizinduka konda wa daladala ananipepea, watu wameshatoa hukumu: teja huyo, kazidisha.

Hospitali walinipima ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Moyo ukipiga, lazima ujichaji upya ndipo upige tena. Muda wa shughuli hiyo wanauita QT, na wangu ulikuwa milisekunde 512. Ukivuka 500, hatari ya moyo kuingia mapigo ya fujo yasiyosukuma damu inakuwa kubwa. Unaanguka, pengine huamki. Methadoni yenyewe hurefusha QT, hasa dozi ikiwa kubwa. Sipro nayo hurefusha, tena huchelewesha ini kuivunja methadoni. Kuharisha kukamaliza potasiamu. Yote matatu niliyakutanisha mimi, kwa neno "hakuna".

Nilitaka kuacha dozi. Daktari akanikatalia: arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ingenirudisha kijiweni wiki hiyo hiyo, na unga unaua zaidi. Kweli, wenzangu wa unga nimewazika, na tangu Muhimbili ianze kutoa methadoni mwaka 2011 nimeona wengine wakirudi kazini. Kwa hiyo usiache kwa hofu. Mimi walinisimamisha sipro, wakanipa potasiamu, wakashusha dozi taratibu, wakarudia kipimo.

Omba ECG kabla hujaanza, na tena dozi ikivuka miligramu 100. Ukiwahi kuzimia, au kwenu kuna kijana aliyefariki ghafla, sema mapema. Erithromaisini, flukonazo ya fangasi, haloperido, kwinini: zote ziulizie kwanza. Rifampisini ya TB hufanya kinyume, hushusha methadoni mwilini, hivyo dozi huongezwa. Siku ukimaliza TB wakumbushe, maana dozi ile ile itakuzidi.

Aibu bado ninayo, sitadanganya. Nimeandika kikaratasi: "Natumia methadoni, mg 90." Nakisukuma kaunta kimya kimya. Juzi yule dada alikisoma, akarudisha boksi kabatini, akatoa jingine.