Kauli ya nani? Kwa maafisa wapya wa dawati la mashirika ya kimataifa

Wiki iliyopita nilipokea madokezo matatu kutoka kwa maafisa wapya, yote yakihusu kura za nchi zetu katika Umoja wa Mataifa tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022. Katika yote matatu nilikuta makosa ambayo nilidhani yalizikwa pamoja na mashine za kupigia chapa. Nilicheka kwanza, kisha nikakasirika, kisha nikakumbuka kwamba katika ofisi hizi aliyewahi kukosea vibaya kuliko ninyi wote ni mimi. Kwa hiyo, badala ya kujaza pembezoni mwa kurasa zenu maneno makali, nimeona niwaandikie. Masijala mnaijua, dokezo sabili mnalijua, na mmekwisha kugundua kwamba Mkurugenzi hafiki ukurasa wa pili. Sitawapotezea muda kwa hayo.

1. Umoja wa Mataifa hauna mdomo mmoja. Katibu Mkuu akizungumza, amezungumza Katibu Mkuu. Baraza la Haki za Binadamu na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu vyote viko Geneva, na magazeti huvichanganya kila mwezi, lakini la kwanza ni serikali zilizochaguliwa na wenzao, na ya pili ni watumishi wa Sekretarieti. Mtaalamu huru aliyepewa jukumu na Baraza hilo hazungumzi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa hata akisimama mbele ya nembo yake. Ukiandika "Umoja wa Mataifa umesema", mkuu wako huenda akaijibu dunia nzima kwa hasira wakati aliyesema ni profesa mmoja, au akampuuza profesa huyo kumbe waliosema ni serikali kadhaa zinazotufadhili.

2. Soma kitenzi kabla ya kusoma aya. Baraza la Usalama "linapoamua", Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinazifunga nchi wanachama. "Linapotoa wito", fahamuni kwamba kuna mabalozi waliokosa usingizi ili kitenzi kiwe hicho na si kile kingine. Taarifa kwa vyombo vya habari si azimio.

3. Tazameni jedwali la kura, na mtazame safu zote. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungua.

Machi 2011 nilikuwa afisa mdogo katika ofisi ambayo sitaitaja, mwenye tai mbili na kujiamini kwingi. Usiku wa tarehe 17, ambao kwetu ulikuwa umekwisha kuingia tarehe 18, Baraza la Usalama lilipiga kura kuhusu rasimu iliyokuja kuwa Azimio namba 1973: marufuku ya ndege kuruka katika anga ya Libya, na ruhusa kwa nchi wanachama kuchukua "hatua zote za lazima" kuwalinda raia, isipokuwa kupeleka jeshi la kigeni la kuikalia nchi hiyo. Nilikesha mbele ya televisheni. Nikaona mikono ya wanaokubali ikinyooshwa. Rais wa Baraza, ambaye mwezi ule alikuwa balozi wa China, akauliza wanaopinga. Hakuna mkono ulionyooshwa. Nikazima televisheni, nikalala kwa muda wa saa mbili hivi, na kabla ya saa mbili asubuhi dokezo langu la ukurasa mmoja lilikuwa mezani kwa mkubwa wangu. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba Baraza la Usalama limepitisha azimio hilo kwa kauli moja.

Mantiki yangu ilikuwa nyepesi: hakuna aliyepinga, basi wote wamekubali. Safu ya tatu, ya wanaojizuia, sikuisubiri. Nchi 10 zilikubali na 5 zilijizuia: Brazil, China, India, Ujerumani na Urusi. Kama mngekuwa mnatafuta mahali pa kuiona siasa ya dunia ikigeuka mbele ya macho yenu, msingepata pazuri kuliko safu ile. Mataifa manne makubwa yaliyokuwa yakianza kujiita kundi moja yalikuwa upande uleule, na Ujerumani ilikuwa imeachana na washirika wake wa NATO. Nami nilikuwa nimelala fofofo.

Saa nne asubuhi mkubwa wangu alikuwa na kikao cha kawaida na mabalozi kadhaa. Alilifungua jambo la Libya kwa sentensi yangu, neno kwa neno, kwa sababu aliniamini. Miongoni mwa waliokaa pale alikuwemo balozi wa nchi mojawapo kati ya zile tano. Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha ukutani, daftari mapajani. Nilimwona balozi yule akiweka kikombe cha chai juu ya kisahani polepole, akainama kidogo, akasema kwa upole kwamba anashukuru kupata habari kuwa serikali yake iliunga mkono, ila angeomba muda awapigie simu nyumbani, kwa maana huenda na wao wangependa kujua. Watu wakacheka. Mkubwa wangu naye alicheka, na kicheko kile ndicho kilichoniumiza, kwa kuwa nilijua hakuwa na njia nyingine.

Hakunifokea. Dokezo langu lilirudi jioni likiwa na duara jekundu kuzunguka maneno "kwa kauli moja", na pembeni yake maneno mawili: "Ya nani?" Ninalo mpaka leo.

Aibu hupoa, lakini hasara ya kazi ni kitu kingine, na hasara yenyewe niliielewa baada ya miezi. Azimio kama lile linahitaji kura 9 kati ya 15 za kukubali. Lile lilipata 10, na tatu kati ya hizo zilitoka Afrika: Afrika Kusini, Gabon na Nigeria. Laiti mbili tu kati ya hizo zingejizuia, zingebaki 8, na azimio lingeanguka bila mtu yeyote kutumia kura ya turufu. Na wiki moja tu kabla, tarehe 10 Machi, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilikuwa limekataa uingiliaji wa kijeshi kutoka nje na kuunda kamati ya marais watano, wa Afrika Kusini, Congo ya Brazzaville, Mali, Mauritania na Uganda, waende kutafuta suluhu. Bara lilikuwa limesema jambo moja Addis Ababa, na viti vyake vitatu vikapiga kura inayokwenda njia nyingine New York. Marais walipotaka kuruka kwenda Tripoli wakati mashambulizi yameanza, hawakupewa ruhusa. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya dokezo lile. Mkubwa wangu aliihitaji asubuhi ile kuliko kitu kingine chochote, nami nikampa maneno matatu ya uongo.

Yaliyofuata mnayajua. Oktoba 2011, rasimu kuhusu Syria ilipofika mezani, Urusi na China hazikujizuia tena. Zote mbili zilitumia kura ya turufu, na Urusi ilieleza waziwazi kwamba ilichokiona Libya hakitarudiwa. Safari hii Afrika Kusini iliungana na Brazil na India upande wa waliojizuia. Anayesoma safu ya tatu ya Machi anaiona Oktoba ikija kwa mbali.

Sasa nyinyi. Mmoja wenu ameandika kwamba tarehe 2 Machi 2022 "nchi 47 hazikupiga kura" Baraza Kuu lilipoitaka Urusi iondoe majeshi Ukraine. Kiswahili chetu kinawaponza hapa, kwa sababu "hazikupiga kura" kinaweza kumfunika aliyekuwepo akajizuia na asiyekuwepo kabisa. Nchi 141 zilikubali, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Toeni katika wanachama 193, mtabaki na 12 ambazo hazikushiriki. Kujizuia ni msimamo: balozi amepokea maagizo, amekaa kwenye kiti chake, amebonyeza kitufe. Kutokuwepo kunaweza kuwa msimamo, kunaweza pia kuwa deni la michango lililofanya nchi inyimwe kura chini ya Kifungu cha 19. Andikeni "zilijizuia" na "hazikushiriki", na msiyachanganye mbele yangu.

Mwingine ameandika kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki "ilisimama kwa kauli moja" siku ile. Nilipoyaona maneno hayo niliinuka nikaenda dirishani. Jumuiya ilikuwa na wanachama sita wakati huo. Kenya na Rwanda zilikubali. Burundi, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda zilijizuia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyosaini kujiunga mwezi uliofuata, ilikubali. Katika mambo ya nje hiyo si kauli moja hata kwa macho ya huruma.

4. Ulizeni nani analipa. Azimio namba 2719 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, halikusema kwamba Umoja wa Mataifa utazilipia operesheni za amani za Umoja wa Afrika. Lilifungua mlango wa kuziangalia moja baada ya nyingine, na kwa inayokubaliwa, michango ya lazima ya nchi wanachama haizidi asilimia 75 ya bajeti yake. Nimekwisha kuona mawasilisho mawili ambamo "haizidi" imegeuka kuwa "ni".

5. Someni maelezo ya kura, yaani hotuba ambayo balozi hueleza kwa nini amepiga kura hivyo, hasa ya nchi ambayo hamkuitarajia. Mfano wangu wa daima ni wa Novemba 1994, Baraza la Usalama lilipounda kwa Azimio namba 955 mahakama ya kuwashitaki waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyokuja kukaa Arusha na kuwapa madereva wa teksi wa mji ule miaka ishirini ya abiria wenye majoho. Nchi 13 zilikubali, China ikajizuia, moja ikapinga. Iliyopinga ni Rwanda yenyewe, ambayo ilikuwa na kiti Barazani mwaka ule na ndiyo iliyokuwa imeiomba mahakama. Mwanafunzi akiliona jedwali peke yake atadhani pana kosa la chapa. Akisoma maelezo atakuta madai yanayoeleweka: kwamba mamlaka ya mahakama yalifungwa ndani ya mwaka 1994 ilhali maandalizi yalianza mapema, na kwamba adhabu ya kifo haikuwemo, ikimaanisha kwamba vinara wangepata adhabu nafuu kuliko watu wadogo ambao wangehukumiwa Kigali.

6. Kura ina mkia mrefu. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu liliipa serikali ya Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35, na 17 zikajizuia. Balozi wetu wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, alikuwa miongoni mwa walioshangilia ukumbini, na Wamarekani, waliokuwa wameipinga hatua hiyo, walimwona. Miaka kumi baadaye aligombea Ukatibu Mkuu. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa Katibu Mkuu wakati huo, vivyo hivyo, duru baada ya duru hadi kumi na sita, mpaka wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wako wanaosema shangwe ile ilikuwa sababu, wengine hutaja misimamo yetu kuhusu ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mimi naona yote yalikuwa jalada moja. Mlipokuwa mnaandika kuhusu 2022, hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza mwaka 2032 nani atakuwa anaomba nini, kwa nani.

Madokezo yenu nimeyarudisha masijala leo. Nayataka Jumatano kabla ya saa nne, jedwali la kura likiwa limeambatishwa nyuma, safu zote. Aliyeandika "kwa kauli moja" alilete mwenyewe ofisini kwangu. Nitamwonyesha karatasi yenye duara jekundu, na chai nitaagiza mimi.