Mkuu, hizo 30 za bwawani baharini hazihesabiki

Swali lako nimelisoma lote: baiskeli ipi, suti ya mpira ya kuogelea (wetsuit) ununue au usinunue, ule nini asubuhi ya shindano, na mazoezi saa ngapi kwa wiki. Nilitaka kupita kimya kama kawaida yangu. Lakini pale chini kabisa ukatupia maneno kana kwamba si kitu: "Kuogelea sina shida wakuu, bwawani napiga 30 bila kusimama, tatizo langu ni baiskeli tu."

Mkuu, tatizo lako si baiskeli. Baiskeli ikikushinda unashuka, unakaa chini ya mwembe, unapigia mtu simu aje kukuchukua.

Umesema umejisajili ile triathlon fupi: mita 750 majini, kilomita 20 baiskeli, kilomita 5 mbio. Na mimi nilianza na hiyo hiyo, hapa hapa pwani ya Dar, na hesabu yangu ilikuwa hiyo hiyo yako. Bwawa ni mita 25, ukivuka mara 30 zimetimia 750, kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la nne ataipata na utamwekea tiki. Na aliyenipigia hesabu hiyo ubaoni, kwa kalamu nyekundu, filimbi ikiwa shingoni, ni kocha niliyekuwa namlipa kila mwezi.

Simtaji jina, maana bado anafundisha na ana watoto wa kulea. Lakini nilimwuliza mapema kabisa: "Kocha, nisiende kujaribu baharini kwanza?" Akacheka. Akasema bahari ni rahisi kuliko bwawa kwa sababu chumvi inakuinua, nisijisumbue na foleni ya kwenda ufukweni, niongeze kasi palepale. Na kwenye kundi letu la WhatsApp wakamuunga mkono watu ambao, nilikuja kugundua baadaye, baharini huwa wanafika mpaka kiunoni, wanapiga picha, wanageuza.

Kwamba chumvi inakuinua ni kweli. Kuelea hakukuwa tatizo langu hata siku moja.

Sikia bwawa linavyokudanganya. Kila ukifika mwisho unagusa ukuta, unajikunja, unausukuma kwa miguu, unateleza mita kadhaa bure bila kupiga mkono. Katika kuvuka mara 30 unasukumwa na ukuta mara 30, ukihesabu na ule wa kuanzia. Pale unapogeuka unavuta pumzi nzuri, mabega yanapumzika kidogo, na kichwa kinajua kimebakiza ngapi. Chini kuna mstari mweusi unaokunyoosha. Maji unayaona mpaka kwenye vigae. Na hakuna mtu anayekupanda mgongoni. Vyote hivyo mimi nilikuwa naviita "uwezo wangu wa kuogelea".

Siku ya shindano, saa moja asubuhi, honi ikapigwa tukaingia wote kwa pamoja. Mimi nikajipanga mbele, katikati kabisa, kwa sababu kocha alisema wa mbele hawasumbuliwi. Wa mbele kweli hawasumbuliwi kama wana kasi ya kubaki mbele. Mimi kasi hiyo ilidumu kama urefu wa daladala mbili. Baada ya hapo nikawa njia. Mguu wa mtu ukanipata kwenye miwani, jicho moja likajaa maji. Nikainua kichwa kuitengeneza, wimbi likaniingia mdomoni. Nikakohoa. Nikavuta hewa kabla sijaitoa ile ya kwanza, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika.

Hili la pumzi lisome mara mbili, tafadhali. Ukishtuka majini mwili unataka kuvuta hewa tu, hautaki kutoa. Unahema juu juu, kifua kinajaa hewa iliyokwisha kutumika, na unajisikia kama unakabwa ilhali uso uko juu ya maji. Ukiinua kichwa ili uhisi nafuu, miguu inazama, na sasa unaogelea ukiwa nusu umesimama, unachoka mara mbili. Mapigo ya moyo yalikuwa masikioni. Nilitazama chini kutafuta mstari wangu mweusi: kijani kibichi, halafu giza. Nilitazama mbele kutafuta boya: wimbi.

Sasa cheka, maana hapa nakuruhusu. Boya letu la kugeuzia lilikuwa la njano. Nikaona kitu cha njano. Nikaelekea huko kwa bidii zote, nikijisifu moyoni kwamba nimetulia, hata wale vurugu wameniacha, najiona peke yangu kama bingwa. Nilipokaribia nikakuta ni dumu la mafuta ya kula, wavuvi wamelifunga kwenye wavu wao. Kwa utetezi wangu, lilikuwa la njano. Kijana wa uokoaji akanifuata na kayaki, kile kimtumbwi cha kasia, akaniambia kwa adabu kubwa, "Kaka, wenzako wako kule."

Kule kulikuwa mbali. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupwa na yalikuwa yananivuta pembeni muda wote ule niliodhani naenda mbele. Wewe wa bwawani hujui mkondo ni nini, na mimi nilikuwa sijui. Maji yakiwa yanatoka, ukisimama kupumzika unarudi ulikotoka, au unakwenda usikokujua.

Lakini bado sijafika kwenye kilichonigharimu zaidi. Kilichonigharimu ni kwamba yule kijana aliniambia, "Shika hapa upumzike," akanisogezea pua ya kayaki, nami nikakataa. Nikakataa mkuu! Pumzi sina, mikono imekuwa mizito, jicho moja halioni, na nakataa. Kwa nini? Kwa sababu kocha alinieleza, na nakumbuka hadi aliponyooshea kidole, kwamba ukigusa chombo chochote majini umetolewa mashindanoni. Basi nikaendelea kupiga maji kwa kiburi, nikanywa mengine, na mbele kidogo misuli ya mashavu ya miguu ikakaza, miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Safari hii sikuulizwa. Nilishikwa kola ya fulana nikavutwa kwenye kayaki, na nilikaa juu yake nikitapika huku nasikia washangiliaji ufukweni wanadhani ndiyo natangulia.

Kanuni za triathlon za kimataifa zinaruhusu kushika boya au chombo kilichosimama ili upumzike. Kinachokatazwa ni kukitumia kusonga mbele. Unashika, unahema, unatoa hewa yote, ukitulia unaachia unaendelea, na nafasi yako iko palepale. Ukitaka msaada unainua mkono juu. Maneno hayo yanasemwa hata kwenye maelezo ya asubuhi kabla ya kuanza, ambayo mimi sikuyasikiliza kwa sababu nilikuwa na kocha. Ningeshika ile kayaki mara ya kwanza, ningemaliza. Ningekuwa wa mwisho, lakini ningemaliza. Ada niliyolipa, baiskeli niliyokopa hela kuinunua, ndugu waliotoka Mbagala alfajiri kuja kunishangilia, vyote vikaishia majini kwa sababu ya sentensi moja ya mtu ambaye hakuwahi kusoma kanuni.

Na usidhani ni woga wangu mimi tu. Marekani watafiti walikusanya vifo na mioyo iliyosimama ghafla kwenye triathlon kati ya 1985 na 2016, wakapata 135. Kati ya hivyo 90 vilitokea kwenye kuogelea, sehemu ambayo ndiyo fupi kuliko zote kwa muda. Kwenye baiskeli, hiyo unayoiogopa, vilikuwa vichache sana kulinganisha na hapo. Nakutajia namba hizo ujue nguvu zako uzipeleke wapi, usije ukafuta usajili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sina nyingine: kama hujaogelea baharini mita zote 750, zaidi ya mara moja, ukiwa na watu wanaokugonga, wewe hujajiandaa. Hata ukipiga 60 za bwawani, hujajiandaa.

Nenda ufukweni. Usiende peke yako, hilo sijadili. Tafuta wenzako wawili watatu, mmoja abaki juu na mtumbwi au kayaki kama mnaweza, na kila mmoja ajifunge boya dogo la rangi kali kiunoni, zile za kuvuta nyuma, ili boti zikuone. Angalia maji. Hapa Dar siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri mnamo saa kumi, saa kumi na moja, kwa hiyo ukifika saa moja yanakupwa kwa kasi, na kufika saa nne saa tano unatembea juu ya mchanga. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inaweza kupita mita 3. Kwa mazoezi ya mwanzo chagua siku za maji mafu, mwendo wake ni wa pole. Na upepo wa kusi ukiwa umekaza usijifanye mwamba. Muulize mvuvi yeyote pale Kunduchi au Kigamboni, atakwambia bure kile nilichokuwa namlipia mtu anidanganye.

Ukiwa majini, jifunze kutazama mbele bila kuinua kichwa chote: macho tu yachomoze kama ya mamba, halafu ugeuze uso pembeni uvute hewa kama kawaida. Fanya hivyo kila baada ya mikono sita hadi minane. Na usitazame boya, kwa sababu boya linapotea nyuma ya wimbi, na kuna madumu. Kabla ya kuanza, simama ufukweni utafute kitu kikubwa kilicho nyuma ya boya, kisiwa, meli iliyotia nanga, na wakati wa kurudi mnara au ghorofa. Lenga hicho.

Toa hewa ndani ya maji. Yote. Kwa mapovu, kwa kelele ukitaka, hakuna anayekusikia.

Halafu waambie wenzako wakufanyie fujo. Wakuogelee juu, wakuvute mguu, wakung'oe miwani katikati ya safari. Utawachukia, ila mwili utajifunza kwamba kugongwa si kufa. Ikikutokea kifua kinabana, geuka chali, tazama mbingu, hema mpaka utulie, au badili uende kichura. Hakuna anayekukata alama kwa mtindo. Na siku yenyewe anzia pembeni na nyuma, acha wenye haraka zao watangulie wakagombane huko mbele.

Suti ya mpira: rudisha dukani kama risiti unayo. Kwa wasio wa kulipwa kama sisi, kanuni zinaikataza maji yakifika nyuzi 22, na bahari yetu hucheza kati ya 25 na 30. Hata wakikuachia utachemka ndani yake. Vaa nguo utakazopanda nazo baiskeli, na uzizoee majini, siyo kuzijaribu siku hiyo. Fulana yangu ilikuwa pana, ikawa inachota maji kama nyavu ya dagaa. Sawa, ilimsaidia kijana wa kayaki kupata pa kunishika, kwa hiyo sitaisema vibaya.

Baiskeli? Yoyote yenye breki na tairi zilizojaa upepo. Niliporudi mwaka uliofuata kuna mzee alimaliza na ile ya kubebea mikate, kariya yake nyuma na kila kitu, akanipita kwenye mlima huku ananisalimia. Kumbuka tu kufunga helmeti mpaka isikike "ta" kabla hujaigusa baiskeli, wasimamizi wanalikalia macho hilo na watakusimamisha. Na kwenye mbio kilomita ya kwanza miguu itakuwa si yako, usiishangae, itarudi.

Chakula cha asubuhi mimi nilikula mihogo na chai ya maziwa. Rejea habari ya kayaki hapo juu, uamue mwenyewe.

Saa za mazoezi kwa wiki wapo wakali humu watakupangia na jedwali. Wewe chochote watakachokupangia, zile siku watakazoandika "bwawa" futa nusu yake uandike "bahari". Na kama mkufunzi wako naye ana filimbi na anakwambia chumvi itakuinua, mwombe mwende wote Jumapili, aingie wa kwanza, apite usawa wa kiuno, wewe umshikie simu.

Kama uko Dar niandikie pembeni, tuna kikundi kidogo na kayaki moja ya kukodi tunachangiana. Ukija kuniandikia uwe umeshaangalia maji yanajaa saa ngapi, maana hilo ndilo swali la kwanza nitakalokuuliza.