Jibu: Kaboni ya msitu ulioungua inatoka kubwa mno

Habari ndugu. Unasema ploti zako (vipande vya msitu unavyopimia) za juu ya mji wa Moshi, Mlima Kilimanjaro, kwenye ukanda wa erika (miti na vichaka vya majani madogo vya mlimani) ulioungua Oktoba 2020, zinaonyesha kaboni nyingi kuliko msitu ambao moto haukufika. Anza na futi, yaani utepe wa kupimia. Ulipima kwenye urefu wa mita 1.3, sawa, lakini kwenye fomula ya kukadiria uzito wa mti, ambao ndio unaotoa kaboni, uliingiza mzingo au kipenyo? Mzingo ugawe kwanza kwa 3.14. Mimi niliwahi kusahau, uzito wa kila mti ukapanda zaidi ya mara 10, na wiki nzima ikaniponyoka. Halafu tenga miti iliyokufa wima: kaboni bado imo shinani, ila majani na vitawi vimeshaungua, kwa hiyo fomula ya mti hai inatoa kaboni nyingi kuliko iliyopo. Kaboni ya udongo sijaipima mwenyewe. Waulize watu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo).